Kabla ya kumwandikisha mwana Gredi ya 7



Ndugu zetu katika imani, tangu Januari 2023 watoto wa Kenya wamalizapo Gredi ya 6 huingia sekondari ya msingi, wakasoma humo miaka mitatu. Kwa kuwa serikali iliamua madarasa hayo yawe ndani ya shule za msingi zilizokuwapo, wazazi wengi tulidhani hakuna la kuchagua. Mtoto abaki pale pale alipo.

Zamu ya kitindamimba wetu ilipowadia, tulizizuru shule tatu za umma katika mtaa wetu hapa Mombasa. Ya kwanza ina lango zuri na jina kubwa. Tulipoomba kuiona maabara tulifunguliwa kabati lenye chupa nne. Ya pili ni ndogo na tulivu, nasi tulivutiwa nayo mno, hadi tulipouliza idadi ya walimu. Fedha za serikali, Sh15,042 kwa mwanafunzi kwa mwaka, hufuata vichwa. Kwa hiyo shule yenye watoto wachache hupata kidogo, na masomo ni tisa vilevile. Mwalimu wa lugha ndiye aliyekuwa akifundisha Sayansi. Utulivu, kumbe, una gharama yake.

Jambo hili si dogo. Katika tathmini ya Gredi ya 9, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, mtihani wenyewe hubeba asilimia 60. Asilimia 20 hutoka Gredi ya 6, na 20 nyingine katika kazi za Gredi ya 7 na ya 8 zinazosimamiwa shuleni. Basi mzazi aombe kuonyeshwa jinsi kazi hizo zinavyowekewa kumbukumbu. Asiyegusa kifaa cha maabara kwa miaka mitatu ataingiaje mkondo wa sayansi Gredi ya 10?

Kisha kuna dini. Mtaala unaruhusu Elimu ya Dini ya Kiislamu, lakini ruhusa haifundishi. Katika shule ya kwanza watoto wetu walikuwa wakiketi katika somo la dini nyingine kwa kukosa mwalimu. Tuliuliza pia kuhusu hijabu na swala ya Ijumaa, maana Januari 2019 Mahakama ya Juu iliibatilisha hukumu ya 2016 iliyoruhusu hijabu shuleni, na tangu hapo busara ya mwalimu mkuu ina uzito mkubwa.

Shule ya tatu ina paa linalovuja. Ina walimu wawili wa sayansi, na maalim anayelipwa kwa mchango wa wazazi. Huko ndiko tulikomwandikisha. Mama yake hakuridhia kwa sababu ya nauli ya tuktuk, na hesabu hiyo tungali tunahangaika nayo kila mwisho wa mwezi.