Masundosundo na Aibu ya Askari

Rwanda ilipoanza mwaka 2011 kuwachanja wasichana wa shule dhidi ya virusi vya papiloma, ilikuwa nchi ya kwanza barani Afrika kulifanya jambo hilo kwa taifa zima. Tangu hapo mengi yamesemwa juu ya kansa ya mlango wa kizazi, na ni haki yasemwe. Lakini chanjo ile haikuwahusu wavulana. Askari aliye lindoni Cyanzarwe, wilayani Rubavu, akiona vinyama vimeota sehemu za siri, mara nyingi hunyamaza.

Vinyama hivyo ndivyo masundosundo. Huletwa hasa na aina mbili za virusi hivyo, ya 6 na ya 11, ilhali kansa kwa sehemu kubwa husababishwa na ya 16 na ya 18. Kwa hiyo mgonjwa asidhani kwamba amekwisha kupata kansa. Wala asiharakishe kumshutumu mkewe, kwani virusi vyaweza kukaa mwilini miezi mingi, pengine miaka, kabla ya dalili kutokea.

Je, kipimo kipo? Kwa mwanamume hakuna kipimo cha kawaida cha virusi hivyo. Mganga huyatambua masundosundo kwa macho. Hata hivyo damu yafaa ipimwe, kwa sababu kaswende nayo huotesha vinyama vinavyofanana na hivyo, na tiba yake ni penisilini. Tena virusi vya ukimwi huyafanya masundosundo kuwa sugu. Kwa mwanamke ni vingine: ute wa mlango wa kizazi huchukuliwa ukapimwa, na nchini Rwanda walengwa hasa ni wenye miaka 30 hadi 49. Mke wa askari anastahili kipimo hicho, mumewe awe na masundosundo au asiwe nayo.

Tiba zipo: dawa ya kupaka, kugandisha kwa baridi kali, kuunguza kwa umeme, au kukata. Hakuna inayoviondoa virusi vyenyewe, na vinyama huweza kurudi, hasa katika miezi ya mwanzo. Ndipo mgonjwa huhitaji kurudi kwa mganga badala ya kukata tamaa. Ajabu ni kwamba mtu asiyeogopa risasi huogopa kuvua suruali mbele ya mganga, akashika wembe au maji ya betri, naye huishia na jeraha baya kuliko ugonjwa wenyewe.

Kondomu hupunguza hatari, ingawa haifuniki ngozi yote. Mgonjwa hushauriwa asikutane na mwenziwe mpaka vinyama vimekwisha na ngozi imepona.