Utangulizi: Mlango wa Mama Ntilie

Epidemiolojia ni elimu ya namna maradhi yanavyosambaa. Nakuomba tuingilie kwa mama ntilie, penye ugali wa muhogo na migebuka, maana kipindupindu kikibisha hodi, mlango wake ni miongoni mwa ile ya kwanza kufungwa.

Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walisongamana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, na kipindupindu kikazuka. Meli ya MV Liemba ikawa inawaleta Kigoma, wakipitia Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Agosti ugonjwa ukalipuka Dar es Salaam, na wauza vyakula vya mitaani wakapigwa marufuku.

Ugonjwa ukipungua baada ya marufuku, tujuaje kuwa ni marufuku iliyoupunguza? Wanafunzi wangu hujibu haraka mno. Siku hizohizo visima hutiwa klorini, redio hutangaza, watu huchemsha maji. Tena vimelea hukaa tumboni saa chache hadi siku 5 kabla mtu hajaharisha. Anayelazwa leo huenda alikula mlango ukiwa bado wazi.

Tazama ng'ambo ya ziwa, mji wa Uvira, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Watafiti walilinganisha mtiririko wa maji ya bomba na idadi ya waliolazwa kwa kipindupindu, 2009 hadi 2014. Bomba lilipokauka, siku zilizofuata wagonjwa waliongezeka. Msimamo wangu unaanzia hapo: mgahawa ukifungwa na bomba likabaki kavu, mpishi na mlaji wote wanarudi nyumbani kunywa maji yaleyale ya ziwa.

Lakini kila ugonjwa una njia yake. Januari 2020, katika mgahawa mmoja wa Guangzhou, China, watu 10 wa familia 3 zilizokaa meza jirani walipata UVIKO-19, na watafiti wakaona kuwa upepo wa kiyoyozi ulisaidia kubeba virusi. Pale ndoo ya kunawia isingetosha. Dirisha lingefaa zaidi. Kwa ugonjwa wa namna hiyo, banda la wazi la ufukweni Kibirizi, Kigoma, haliwezi kuwekwa kundi moja na baa iliyofungwa madirisha.

Siku ukitumwa Ujiji na daftari mkononi, kabla hujaandika kwamba mgahawa ufungwe, muulize kwanza anayepika: mama, maji ya ndoo hii umeyachota wapi?