Kufyonza, Kuchuja au Kunasa? Istilahi za Kuondoa Seziamu katika Maji

Zipo dhana za sayansi ambazo kwa mtazamo wa kwanza huonekana kuwa zina visawe tayari katika Kiswahili, lakini zikichunguzwa hudhihirika kwamba visawe hivyo vinapotosha. Makala haya yanakusudia kuchambua dhana chache za namna hiyo, zinazohusu vitu vinavyotumika kuondoa seziamu nururifu katika maji yaliyochafuliwa. Mifano yetu tutaitoa pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi maingilio ya Mto Ruvuma. Hatufanyi hivyo kwa kudai kwamba maji ya huko yana hatari hiyo. Mtwara ni bandari ya korosho, na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ina wajibu wa kudhibiti mionzi katika vyakula vinavyoingia na kutoka nchini. Kwa hiyo mtumishi wa huko anaweza kukutana na neno seziamu siku yoyote. Zaidi ya hayo, wavuvi wa pwani hiyo wana msamiati unaoifaa sana kazi yetu.

Seziamu ni metali ya jamii moja na sodiamu na potasiamu. Chumvi zake huyeyuka majini kwa urahisi, na humo hubaki katika hali ya ioni zenye chaji chanya. Aina inayotushughulisha hapa, yaani seziamu-137, hutokea kiini cha urani kinapopasuka katika kinu cha nyuklia au katika bomu, na nusu yake huoza kila baada ya miaka 30 hivi. Ilisambazwa duniani na majaribio ya mabomu ya miaka ya 1950 na 1960, kisha na ajali za Chernobyl mwaka 1986 na Fukushima mwaka 2011. Kwa kuwa inafanana na potasiamu, mwili huipokea na kuipeleka katika misuli. Shirika la Afya Duniani limependekeza kiwango cha bekereli 10 kwa kila lita ya maji ya kunywa. Mikrogramu moja tu ya seziamu-137 hutoa bekereli zaidi ya milioni 3. Kwa hiyo inatosha kuzifikisha lita zaidi ya 300,000 kwenye kiwango hicho.

Sasa tuchukue mfano wa mfasiri aliyepewa tangazo la tahadhari alifasiri kwa ajili ya wanavijiji. Akiandika kwamba maji "yasafishwe" au "yachujwe", msomaji atafuata njia anazozijua. Atayachemsha, lakini kuchemsha huua vijidudu, na seziamu si kitu chenye uhai. Maji yakigeuka mvuke, seziamu hubaki chunguni na kukolea zaidi. Atayapitisha katika kitambaa. Lakini kitambaa huzuia takataka tu, na ioni hupita. Atatia unga wa mbegu za mlonge. Nao hukusanya tope na kulifanya litue chini, lakini seziamu iliyokwisha kuyeyuka haigusi. Atatumia makaa, nayo huondoa harufu na rangi, ila kwa ioni za seziamu hayafai kitu. Hivyo tangazo sahihi kisarufi litakuwa limemdanganya msomaji.

Wengine hutumia kitenzi kufyonza. Neno hili ni zuri mahali pake: mzizi hufyonza maji, na sifongo hufyonza maziwa yaliyomwagika. Katika mifano hiyo kitu huingia na kuenea ndani ya mwili wa kingine. Lakini jambo tunalolieleza ni tofauti. Hapa ioni ya seziamu hushikwa kwenye uso wa kitu kigumu, mahali maalumu penye chaji hasi, nayo hubaki hapo.

Wavuvi wanaijua tofauti hii. Samaki aliyeingia katika dema yumo ndani, naye huogelea humo. Samaki wa jarife amenasa katika jicho la wavu, kila mmoja mahali pake, na macho yakijaa wavu haushiki tena. Tena mvuvi akirudi pwani huwanasua. Kwa sababu hiyo tunapendekeza kitenzi kunasa kwa dhana ya kushikwa kwenye uso, na kunasua kwa dhana ya kuachiwa. Kufyonza hakuna kinyume cha namna hiyo. Kitu kinachonasa tukiite kinasa, wingi vinasa. Umbo hili si geni, maana kinasa sauti kimezoeleka tangu zamani.

Huenda msomaji akauliza: mbona baadhi ya vinasa hushika seziamu ndani ya vijitundu vyake? Swali hili ni la haki. Zeolaiti, kwa mfano, ni madini ya silika na alumini yenye vijia vidogo mno. Kuta za vijia hivyo nazo ni uso, na humo ioni za sodiamu hutoka zikaipisha seziamu. Tendo hilo la kupishana liitwe ubadilishanaji wa ioni, nalo ni aina mojawapo ya unasaji.

Vinasa vinavyotumika zaidi ni vya namna nne. Ya kwanza ni zeolaiti, ambayo kituo cha Sellafield, Uingereza, kimekuwa kikiitumia tangu mwaka 1985 kusafishia maji ya mabwawa ya kuhifadhia fueli iliyotumika. Ya pili ni udongo wa mfinyanzi, hasa aina ya ilaiti, ambao kingo za matabaka yake hushika seziamu kwa nguvu. Ya tatu ni rangi ya buluu ya Prusia. Ya nne ni silikotitaneti, iliyotumika Fukushima pamoja na zeolaiti.

Ubora wa kinasa hutegemea maji yenyewe, na hapa maingilio ya Ruvuma yanatufaa kwa mfano. Maji ya mto yana chumvi kidogo. Bahari ikijaa, kila lita ya maji yake huleta takriban gramu 10.8 za sodiamu na gramu 0.4 za potasiamu. Ioni hizo zote huigombea nafasi ileile na seziamu. Ndiyo sababu kinasa kinachofaa mtoni huweza kushindwa baharini, na tope lililonasa seziamu mtoni huweza kuinasua kiasi likifika kwenye chumvi. Fukushima walipambana na tatizo hilohilo, maana vinu vilikuwa vimepozwa kwa maji ya bahari. Mfasiri asiyetenganisha kunasa na kunasua hawezi kulieleza jambo hili kabisa.

Limebaki kosa moja, nalo ndilo la hatari kupita yote, yaani kuandika kwamba kinasa "huua mionzi". Kinasa hakiui chochote. Huihamisha seziamu kutoka katika maji na kuikusanya mahali pamoja, na mionzi huendelea kutoka humo kwa miaka mingi. Kwa hiyo kinasa kilichojaa ni taka nururifu, wala hakifai kutupwa shambani au kufukiwa msingi wa nyumba. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazili, watu waliokota chombo cha hospitali kilichotelekezwa, wakaufurahia unga wa seziamu uliong'aa ndani yake na kugawiana. Watu 4 walikufa, na wengine walipewa buluu ya Prusia wainywe ili iinase seziamu tumboni na kutoka nayo. Kila aliyeugusa unga ule angehitaji maneno machache tu yanayoeleweka.

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo:

kufyonza – kuingiza kitu na kukieneza ndani ya mwili wa kingine;
kunasa – kushika chembe au ioni kwenye uso wa kitu kigumu;
kunasua – kuachia kilichonaswa;
kinasa – kitu chenye uwezo wa kunasa;
unasaji – tendo lenyewe;
ubadilishanaji wa ioni – ioni moja kutoka na nyingine kushika nafasi yake;
kinasa kilichojaa – kinasa ambacho nafasi zake zimekwisha.

Mapendekezo haya si sheria. Tunawaomba walimu wa kemia, wafasiri na watumishi wa serikali wayajaribu darasani na ofisini, na wale wenye maneno bora zaidi, hasa kutoka kwa wavuvi na wafinyanzi wa pwani, wayalete ili yajadiliwe kabla ya kusanifishwa.