Kipepeo Asiye na Mnunuzi

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Nauleta usemi huu mbele yako, msomaji, kwa ajili ya kiumbe ambaye wengi humpita pasi na kumtupia jicho: kipepeo mdogo wa buluu, ambaye bawa lake halizidi ukucha wa kidole gumba.

Nimemvizia mara nyingi kwa kamera katika Msitu wa Arabuko-Sokoke, huko Pwani, wenye eneo la kilomita mraba zipatazo 420. Si kazi ya mwenye pupa. Anaporuka humetameta mithili ya cheche. Akitua hufumba mbawa, na kwa kuwa upande wa chini ni wa kijivu, hupotea machoni papo hapo. Baadhi yao wana vikia vyembamba na doa mfano wa jicho nyuma ya mbawa, hata ndege akadhani hapo ndipo kilipo kichwa, akadonoa pasipo na uhai. Atakaye picha yake hana budi kudamka kabla jua halijampasha moto, anyemelee polepole, na achunge kivuli chake kisimwangukie.

Mwaka 1993 ulianzishwa Mradi wa Kipepeo huko Gede. Wakulima wanaopakana na msitu hulea viwavi mpaka wajifunge gandani, kisha huuzwa ng'ambo kwa maonyesho ya vipepeo hai. Naupongeza mradi huo, maana uliwapa majirani sababu ya kuutunza msitu ambao wengi wao walitamani ufyekwe wapate mashamba. Hata hivyo, wanunuzi hupenda vipepeo wakubwa wenye madaha. Huyu wangu hana bei.

Je, asiye na bei hana thamani? Viwavi wa jamaa zake wengi huishi kwa ubia na sisimizi: kiwavi huwatolea utomvu mtamu, nao humkinga na maadui. Ukiufyeka mmea anaoula, au ukiwafukuza sisimizi wake, umemwangamiza yeye pia. Uhai wake umo katika msitu mzima, wala si katika mti mmoja tuliouchagua kwa sababu una faida.

Basi na tuufunze umma kuupenda msitu wote, pamoja na visivyouzika ndani yake. Tukiulinda kwa ajili ya soko pekee, siku soko litakapodorora tutakuwa na hoja gani mbele ya shoka?