Wahusika Kinzani na Mbinu za Filamu katika Usawiri wa Maisha ya Mtu Halisi: Mfano wa Amadeus

Filamu inayosawiri maisha ya mtu halisi hukabiliwa na tatizo ambalo hadithi ya kubuni haina: ukubwa wa mhusika mkuu hujulikana hata kabla taa za ukumbi hazijazimwa. Lakini kipaji cha mtunzi wa muziki hakionekani usoni, na kukitaja tu si kukithibitisha. Makala haya yanachunguza jinsi filamu ya Amadeus (1984), iliyoongozwa na Miloš Forman na kuandikwa na Peter Shaffer kutokana na tamthilia yake ya 1979, inavyolikabili tatizo hilo kwa kumkabidhi hasimu usimulizi wote, na nani hasa analipia hila hiyo.

Jukwaani, Salieri huzungumza na hadhira moja kwa moja. Katika filamu, akiwa mzee aliyekwisha kujaribu kujikata koo, anaungama kwa kasisi kijana katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Vienna, na maisha ya Mozart yanafuata kwa mbinu rejeshi. Badiliko hili si dogo, kwani kasisi anasimama mahali pa mtazamaji. Salieri anampigia tuni zake mwenyewe. Kasisi haitambui hata moja. Anapopiga mwanzo wa Eine kleine Nachtmusik, kasisi anaidakia kwa furaha na kumpongeza, akidhani ni kazi yake. Bila maelezo yoyote, hukumu imekwisha kutolewa.

Kwa nje, ukinzani wa wahusika hawa wawili ni wa kawaida: mmoja mtulivu na mcha Mungu, mwingine mropokaji mwenye kicheko cha kukera. Filamu ingeishia hapo, ingekuwa kikaragosi tu. Ukinzani wenye uzito umo katika usikivu. Konstanze, mkewe Mozart, anapomletea Salieri miswada ya mumewe, anabaki akila vitamutamu. Salieri anafunua kurasa, na kila ukurasa unaleta muziki mwingine masikioni mwa mtazamaji. Karatasi zinapomdondoka, muziki unakatika. Chumbani hamna chombo kinachopigwa. Sauti inayosikika imo kichwani mwa Salieri, na uhariri umeifungamanisha na mkono wake. Hivyo basi, anayeuchukia muziki ule ndiye pekee anayeuelewa kikamilifu, na mtazamaji hana sikio jingine la kuazima.

Hapa ndipo penye deni. Salieri wa filamu ameweka nadhiri ya useja. Salieri wa historia alioa na kupata watoto wanane. Katika barua ya Oktoba 1791, Mozart mwenyewe alisimulia jinsi Salieri alivyoisifu opera yake, Die Zauberflöte. Baada ya Mozart kufariki, mwanawe Franz Xaver alifunzwa na Salieri huyohuyo, ambaye pia alimfundisha Schubert. Tuhuma ya sumu haikubuniwa na Shaffer. Pushkin alikwisha kuitungia tamthilia fupi mwaka 1830. Hata hivyo, kadiri mbinu zinavyofanikiwa kumfanya Salieri aaminike, ndivyo zinavyomdhulumu. Kosa dogo la tarehe lingesahihishwa kwa urahisi, ila masikio yaliyokwisha kuazimwa hayarudishwi kirahisi hivyo.

Ugumu huu unafikia kilele katika tukio la kitandani. Mozart, akiwa taabani, anataja sehemu za Misa ya Wafu moja baada ya nyingine. Salieri anaandika, anachelewa, anauliza, anafuata tena. Kila sehemu inasikika peke yake, kisha zote zinaunganishwa kwa pamoja. Katika historia, Salieri hakuwapo kuandika, na misa hiyo ilikamilishwa na Süssmayr. Tukio hili ni la uongo kuliko yote, na ndilo linalomfundisha mtazamaji kwa usahihi zaidi jinsi muziki unavyojengwa.