Uteuzi na Ukadiriaji wa Vipimo vya Milango ya Kuteleza katika Nyumba za Makazi: Mazingira ya Kasumulu, Wilayani Kyela

1.0 Utangulizi

Kasumulu ni mji wa mpakani wilayani Kyela, ambapo Mto Songwe huitenganisha Tanzania na Malawi. Mji huo umo katika uwanda wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, wenye joto, unyevu mwingi na mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Wanyakyusa walijulikana kwa nyumba za mianzi. Leo nyumba nyingi ni za matofali ya kuchoma na bati, nazo hutegemea milango na madirisha kutoa joto. Kwa hiyo, uteuzi wa mlango wa kuteleza si suala la mapambo pekee, bali ni suala la hewa, maji na mbu.

2.0 Aina za Milango

Mlango wa kuteleza husogea sambamba na ukuta, hivyo hauhitaji nafasi ya kuzungukia. Aina mbili ndizo za msingi. Ya kwanza ina mabawa mawili ya kioo na alumini yanayopita juu ya reli za chini. Hufaa kati ya sebule na baraza. Ya pili ni bawa moja linaloning'inia kwenye reli ya juu. Hufaa kati ya vyumba vya ndani, kwani haizuii mvua wala wadudu barabara.

3.0 Ukadiriaji wa Vipimo

Upana hupimwa juu, katikati na chini. Kimo hupimwa kushoto, katikati na kulia. Kipimo kidogo kuliko vyote ndicho kinachotumika. Pembe mkabala nazo hupimwa ili kuthibitisha kwamba uwazi haukupinda. Upimaji hufanyika baada ya plasta na sakafu kukamilika, kwa sababu tabaka hizo hupunguza uwazi.

Tuseme uwazi una upana wa milimita 2,400. Ikiachwa nafasi ya milimita 5 kila upande, fremu itakuwa milimita 2,390. Miimo miwili ya milimita 40 ikiondolewa, hubaki milimita 2,310. Mabawa mawili yanayopishana kwa milimita 50 yatakuwa na upana wa milimita 1,180 kila moja, na njia halisi ya kupita itakuwa milimita 1,130. Hivyo basi, anayenunua mlango wa milimita 2,400 hupata chini ya nusu ya upana huo kwa ajili ya hewa na kupitisha fanicha.

Kwa mlango unaoning'inia, uwazi wa milimita 800 huhitaji bawa la takribani milimita 900 ili lifunike kingo zote mbili, reli ya milimita 1,800, na ukuta mtupu wa kando usio na swichi wala kabati.

Uzito nao huamua ukubwa wa magurudumu. Kioo cha unene wa milimita 6 kina uzito wa kilo 15 kwa mita ya mraba. Bawa la mita 1.18 kwa 2.1 hubeba takribani kilo 37 za kioo, bila kuhesabu alumini. Kioo kilichoimarishwa kwa joto hupendekezwa, kwani kikivunjika hutoa vipande vidogo visivyo na makali makubwa.

4.0 Athari za Mazingira

Reli ya chini hukusanya mchanga na maji. Inapasa iwe na matundu ya kutolea maji upande wa nje, kizingiti kilichoinuliwa na baraza lenye mteremko. Mbao huvimba kwa unyevu na kukwama, alumini haivimbi. Wavu wa mbu huhitaji reli yake, la sivyo mlango utafungwa usiku na joto litabaki ndani. Mlango unaotazama magharibi huhitaji kivuli cha paa, kwa kuwa jua la alasiri hupenya kioo.

5.0 Hitimisho

Kipimo cha kuzingatiwa kwanza ni njia halisi inayobaki wazi, wala si upana wa fremu. Pale ambapo uwazi ni chini ya milimita 1,700, mlango wa mabawa mawili huacha njia isiyofika milimita 800. Katika hali hiyo, mlango wa bawaba, unaofunguka karibu wote, huihudumia vyema zaidi nyumba ya Kasumulu.