Asilimia za Rangi Kwenye Boksi la Monita

Kijana wa Kemambo anayetaka kufungua studio ya picha huko Nyamongo, jirani na mgodi wa North Mara, hatakosa kazi: paspoti, harusi, mahafali, hata picha za nyumbu wakivuka Mto Mara kati ya Julai na Oktoba. Kamera ataipata. Kinachomvuruga ni monita. Boksi moja limeandikwa 72% NTSC, la pili 125% sRGB, la tatu 95% DCI-P3, na muuzaji anasema zote ni kali.

Namba zote tatu zinaweza kuwa za kweli, ila kila moja imepimwa kwa kipimo chake.

Mwaka 1931 tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, ilichora ramani ya rangi zote ambazo jicho la mtu linaweza kuziona. Monita huchanganya nyekundu, kijani na bluu. Ukiziweka rangi hizo tatu kwenye ramani, zinakuwa kona za pembetatu, na kila rangi ambayo kioo kinaweza kuitoa imo ndani yake. Huo ndio wigo wa rangi. Kipimo cha sRGB, kilicholetwa na HP na Microsoft mwaka 1996, huchukua theluthi moja na ushee ya ramani hiyo, na ndicho kinachobeba picha nyingi za intaneti. Adobe RGB ya 1998 iliongeza kijani na feruzi kwa ajili ya uchapaji. DCI-P3 ilitoka kwenye sinema za kidijitali. NTSC ni mzee wao wote: ni kipimo cha televisheni ya rangi ya Marekani cha mwaka 1953.

Kwa hiyo 72% NTSC, inayoonekana pungufu, kwa ukubwa inalingana takriban na sRGB nzima. Lakini 45% NTSC, ambayo huonekana sana kwenye laptopu za bei nafuu, ni kama asilimia 63 tu ya sRGB. Fungua picha ya bibi harusi kwenye kioo cha namna hiyo: rangi ya mdomo inakuwa kama ya tofali, ngozi inapauka, maua yanafifia. Mhariri ataongeza nyekundu mpaka aridhike. Picha ikifika kwenye simu ya mteja, uso unawaka, na lawama zote zinamwangukia mpiga picha.

Mtego mkubwa umo kwenye ile 125%. Hakuna kioo kinachoweza kufunika zaidi ya asilimia 100 ya kipimo chochote. Namba hiyo inataja ukubwa wa pembetatu bila kusema imekaa wapi. Mkulima wa Tarime analijua jambo hili: shamba la ekari kumi na mbili linalizidi la jirani la ekari kumi, na bado haliwezi kudai kona yote ya jirani. Katika karatasi ya vipimo, tafuta asilimia iliyoandikwa “coverage”. Hiyo ndiyo ya kufunika.

Wapo pia wanaotangaza rangi bilioni 1.07 badala ya milioni 16.7. Hizo ni ngazi za kutoka rangi moja hadi nyingine. Zikiongezeka, anga la machweo halionyeshi michirizi, lakini pembetatu haipanuki hata kidogo.

Wigo mpana nao una gharama yake. Programu isiyosimamia rangi ikipeleka picha ya sRGB kwenye kioo cha DCI-P3, nyasi za Serengeti zinageuka kijani cha plastiki na nyuso zinaiva kupita kiasi. Monita nyingi za aina hiyo zina hali ya sRGB kwenye menyu, na inafaa kuiwasha kwa kazi za kawaida.

Kwa studio ambayo picha zake huishia WhatsApp, monita inayofunika karibu asilimia 100 ya sRGB, iliyorekebishwa vizuri kiwandani, inatosha kabisa. Anayechapa picha kubwa ana sababu ya kulipia Adobe RGB, kwa kuwa feruzi ya wino wa uchapaji hutoka nje ya sRGB. Kabla ya kutoa hela, andika namba ya modeli, fungua tovuti ya mtengenezaji kwenye simu, usome vipimo mwenyewe. Muuzaji asipoweza kukuambia ile asilimia ni ya kipimo gani, nenda duka la pili.